Utulivu wa Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kazi ya kutafsiri karatasi ya maelezo ya dawa za maradhi ya akili, ile karatasi nyembamba inayokunjwa mara nyingi na kutiwa ndani ya kiboksi. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilipofika pahala pa kutaja mambo ambayo dawa humfanyia mtu mbali na kumponya, sikusita. Niliandika kama yasemwavyo katika zahanati zetu nyingi: "maudhi madogo madogo". Kisha nikayapanga: kutetemeka mikono, kukakamaa viungo, kukauka kinywa, usingizi, kutoona vyema vitu vya karibu, miguu kukosa utulivu, kunenepa, kupungukiwa na hamu ya unyumba. Nikahariri, nikakabidhi, nikalipwa.

Usiku ule neno langu lilianza kunidai. Maudhi ni neno la adabu. Mtu huudhiwa na nzi, huudhiwa na jirani apigaye redio usiku wa manane. Na kule kurudia "madogo madogo" kunayafanya mambo yenyewe yawe kama vumbi la kupangusa kwa kitambaa. Lakini ni nani aliyeyapima hata yakawa madogo? Mwenye kushika mizani hakuwa yule mwenye kumeza. Nami nilikuwa na sababu ya kulijua hilo kuliko wafasiri wengi, kwani ninaye kaka wa tumbo moja ambaye amezimeza dawa hizo nusu ya umri wake.

Kaka yangu yuko Kidugala. Kwa msomaji wa visiwani ambaye hajapata kupanda huko, Kidugala ni kijiji cha nyanda za juu za kusini, katika nchi ya Wabena, Mkoa wa Njombe. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi la alfajiri, unapita Morogoro na Iringa, kisha unafika Makambako, pale ambapo barabara ya Njombe na Songea huachana na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA hupita ikielekea Zambia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia Ubena katika miaka ya 1890, na Kidugala ikawa mojawapo ya vituo vyao. Hadi leo ipo seminari. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko humfanya mtu wa pwani aulize kama amekosa nini kwa Mungu. Mimi niliteremka ujanani, nikavuka bahari, nikajifunza ushairi kwa kusikiliza na kwa vitabu vya kuazima. Kaka alibaki na cherehani yake. Alikuwa fundi wa kusifiwa. Sare za wanafunzi na makoti ya wazee wa kanisa vilipita mikononi mwake, na tundu la kifungo alilolizungushia uzi kwa mkono halikufumuka hata koti lenyewe lilipochakaa.

Mwaka 1994 akili yake ilimgeuka. Alisikia sauti zikimwita kutoka kwenye miwati nyuma ya nyumba, akawa halali, akawa anamshuku hata mama yetu. Mara ya tatu maradhi yalipompanda, wafanyakazi wa reli walimkuta karibu na Makambako amelala juu ya njia ya treni, akisubiri, kama alivyotueleza baadaye, treni ije imnyooshe kama pasi inyooshavyo kola. Nasema haya mapema ili msomaji asinidhanie kuwa nimekuja kuzitukana dawa. Dawa zilimwokoa kaka yangu. Bila ya hizo nisingekuwa na kaka wa kumwandikia makala. Swali langu ni jingine: mtu aliyeokolewa ana haki gani ya kulalamika juu ya kamba iliyomwokoa, iwapo kamba hiyo inamkata viganja?

Alipotoka hospitali alikuwa ametulia. Neno hilo lilizunguka kijiji kizima. "Ametulia," alisema mama, akatoa sadaka ya shukrani kanisani. "Ametulia," waliniandikia ndugu, nami nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miezi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Niliporudi nyumbani likizo ndipo nilipomwona ameketi ukumbini, mate yakimchuruzika pembeni mwa mdomo, uso umekuwa kama ubao uliopigwa randa, na miguu yake miwili ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, kana kwamba inakanyaga cherehani isiyokuwapo. Cherehani ya kweli ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kanga. Mkono wake haukuweza tena kupitisha uzi katika tundu la sindano.

Ni vyema tuseme mambo haya hutokeaje. Dawa za kale za maradhi hayo, klorpromazini, haloperidoli na flufenazini, huzuia kazi ya kemikali ya ubongoni iitwayo dopamini. Kemikali hiyo ina mkono wake katika sauti na dhana zinazomsumbua mgonjwa. Lakini hiyo hiyo ndiyo inayovilainisha viungo katika mwendo wao. Ukiufunga mfereji mmoja, mashamba mawili hukosa maji. Ndipo mgonjwa anapotetemeka na kukakamaa kama mzee mwenye maradhi ya kutetemeka. Ili kulegeza ukakamavu huo hupewa dawa ya pili, benzheksoli, nayo hukausha kinywa na kutia ukungu katika kuona vitu vya karibu. Kwa mchungaji wa ng'ombe, ambaye jicho lake liko mlimani, huenda hilo lisiwe jambo kubwa. Kwa mtu ambaye riziki yake yote iko shibiri moja mbele ya uso wake, kwenye ncha ya sindano, ni kufungiwa mlango.

Tangu mwanzo wa dawa hizi, utulivu wa mgonjwa ulipimwa na wanaomtazama. Klorpromazini ilianza kuvuma baada ya Henri Laborit, daktari wa jeshi la majini la Ufaransa, kuona kwamba watu aliowapa kabla ya upasuaji walikuwa hawakijali sana kinachowakaribia. Mwaka 1952, mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne wakaitumia kwa wagonjwa wa akili, na wodi zilizokuwa za makelele zikanyamaza. Lilikuwa jambo kubwa, wala si haki kulibeza. Wagonjwa wengi ambao wangezeekea ndani ya kuta walirudi makwao. Dawa za ukoo huo ndizo zilizofika Mirembe huko Dodoma, Kidongo Chekundu hapa Unguja, na hatimaye zahanati za milimani kwetu. Yuko pia daktari wa Ujerumani, Hans-Joachim Haase, ambaye katika miaka ile ya mwanzo aliwapa wagonjwa kalamu. Aliwaandikisha kabla ya dawa na baada ya dawa, akalinganisha. Mwandiko ulipoanza kusinyaa kidogo, akahesabu kuwa dawa imefika kizingiti chake. Nia yake haikuwa mbaya: alitafuta kiwango kidogo kinachotosha, kabla viungo havijakakamaa waziwazi.

Nilipoisoma habari hiyo nilishtuka kama mshairi, kwa kuwa mwandiko kwetu ni uso wa pili wa mtu. Kisha nikaona aibu kama ndugu. Haase alau aliutazama mkono. Mimi sikuutazama.

Nami sasa niungame. Mwaka 2001 nilikuwa nyumbani, na mama alinionyesha koti la kaka. Katika upindo wake, uliofumuliwa na kushonwa tena kwa mishono mikubwa ya mtoto, tulikuta vidonge 31. Sikumwuliza kitu. Jioni ile nilivitwanga vidonge kwa kitako cha chupa, nikavikoroga katika uji wa ulezi, nikazidisha sukari. Nilifanya hivyo jioni tisa. Jioni ya kumi kaka alionja, akakiweka kikombe chini taratibu kwa mikono yake miwili inayotetemeka, akanitazama. "Mdogo wangu," alisema, "uji huu unanificha kitu." Tangu siku hiyo, kwa muda wa miezi sita, hakula chochote kilichopikwa na mkono wa mtu. Alijichemshia viazi na maganda yake, na mayai, kwa kuwa kiazi chenye ganda na yai lisilopasuliwa havifichi kitu. Mama yetu alimwona mwanawe akila hivyo pembeni ya jiko lake mwenyewe.

Nilijitetea kwa methali. Mgonjwa haulizwi uji, nilijiambia. Ni methali ya huruma. Inatuamrisha tusimsubirishe mnyonge hadi aombe. Lakini nimeifikiri kwa miaka mingi, na ninaona kuwa ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyelala, mwenye homa ya siku tatu, ambaye kesho ataamka na kuuliza uji mwenyewe. Haikutungwa kwa maradhi ya miaka 30. Mtu hawezi kuwa mgonjwa wa kutoulizwa kwa miaka 30. Usiku ule wa njia ya reli, naam, kaka hakuwa na akili ya kuulizwa, na waliomnyanyua kwa nguvu walifanya lililo jema. Lakini usiku wa namna ile katika maisha yake unahesabika kwa vidole. Siku nyingine zote, maelfu kwa maelfu, alikuwa mtu anayejua bei ya uzi, anayekumbuka deni la kila mteja, na anayejua kuliko sisi sote mkono wake umekuwaje. Sisi tuliichukua hukumu ya usiku ule mmoja tukaitandaza juu ya siku zake zote.

Watu wenye busara hunijibu: mgonjwa wa akili akiilalamikia dawa, huenda ni maradhi yanayosema. Hoja hiyo ina ukweli, nami nimeuona. Wapo wanaoikataa dawa kwa sababu sauti zimewaambia ni sumu, na kuacha ghafla dawa hizi ni hatari. Kaka aliacha mara tatu, na mara zote tatu giza lilirudi. Lakini tazama hoja hiyo inavyomfunga mtu. Akinyamaza, tunasema dawa imemkubali. Akilalamika, tunasema maradhi yamerudi, aongezewe. Hakuna neno analoweza kulisema likahesabiwa kuwa ni ushahidi. Na matokeo yake si ya kifalsafa tu. Lile la miguu kukosa utulivu, mtu asiweze kuketi wala kusimama, ni moja katika mateso makubwa yaletwayo na dawa hizi. Anayeangalia kwa mbali huliona kuwa ni wazimu unaopanda. Dawa ikiongezwa, mateso nayo huongezeka. Hali kadhalika, katika siku za mwanzo baadhi ya wagonjwa hukazwa shingo, macho yakapinduka juu, ulimi ukatoka. Pwani watu watasema pepo; kwetu Ubena watasema karogwa. Kumbe ni dawa, na hospitalini ipo sindano ya kulifungua jambo hilo kwa muda mfupi, ikiwa tu aliye karibu ataamini kuwa kinachosemwa na mwili ule ni habari ya kweli. Na yako mengine yachelewayo: mdomo unaotafuna pasipo chakula, baada ya miaka mingi ya dawa, ambao pengine hautakoma hata dawa ikiachwa. Hilo halisubiri mtu ajitie ushujaa wa kunyamaza. Likionekana mapema ndipo penye nafasi ya kulizuia.

Wahenga wale wale waliotupa methali ya uji walitupa na nyingine: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maradhi ya kaka sisi tuliyajua, maana yalitupigia kelele usiku. Athari za dawa hatukuzijua, maana zilikuwa za kimya. Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo. Maradhi yake yalikuwa mzigo wetu pia. Madhara ya dawa yalikuwa mzigo wake peke yake. Kwa hiyo dawa ilipouhamisha mzigo kutoka mabegani mwa wote na kuuweka begani mwake, sisi tulikuwa wenye kufaidika. Na mwenye kufaidika hawezi kuwa hakimu pekee wa kesi. Tuliposema "ametulia", mara nyingi tulikuwa tunasema "tumetulia".

Kiswahili chetu kinayatenganisha mambo haya kwa herufi chache. Kutulia si kutulizwa. Bahari hutulia, na mtoto hutulizwa. Na hata kutulia kwenyewe kuna namna zake. Wazee wa majahazi wanajua kuwa shwari si neema kila mara. Chombo kikipatwa na shwari katikati ya safari, tanga hulala, maji ya kunywa hupungua, na nahodha hutamani upepo hata ule aliouogopa jana. Aliye ufukweni akitazama ataona picha nzuri ya jahazi lililotulia. Aliye ndani anahesabu mitungi.

Mwaka 2006 tulikwenda na kaka kliniki kuchukua dawa. Alikuwapo mwuguzi, mama wa makamo, ambaye sikuwa nimemwona kabla. Nilishajiandaa kwa swali la kawaida, ambalo siku zote niliulizwa mimi: "Ametulia?" Hakuniuliza. Alimgeukia kaka, akamwamkia, akasema, "Baba, naambiwa wewe ni fundi. Siku hizi unashona nini?"

"Nashona shuka," alijibu kaka.

"Kwa nini shuka tu?"

"Kwa sababu shuka halina vifungo."

Yule mama aliweka kalamu chini. Akamwambia anyooshe mikono mbele, akaitazama kwa muda. Akamwuliza kuhusu miguu, kuhusu macho, kuhusu usingizi, kuhusu mambo ya ndani ambayo mimi nilitoka nje ili ayaseme. Kisha akamwita daktari. Dawa ikapunguzwa kidogo kidogo, na sehemu kubwa ikahamishiwa usiku. Haikuwa kazi ya wiki moja. Ilichukua miezi, na mara moja walilazimika kupandisha tena kidogo, kwa kuwa sauti zilianza kunong'ona miwatini.

Sasa, msomaji, nakuomba usimame hapa. Ni nani aliyewaambia kuwa sauti zimeanza kunong'ona? Ni kaka mwenyewe. Alikwenda kliniki kwa miguu yake, peke yake, akasema. Katika miaka 12 ya maradhi hakuwa amepata kufanya hivyo. Alipokuwa haaminiwi kuhusu mikono yake, alificha vidonge katika upindo na sauti katika kifua. Alipoaminiwa kuhusu mikono, alituletea sauti. Mimi niliyetwanga dawa katika uji kwa jina la kumlinda, nilikuwa nimeufunga mlango pekee ambao habari za kumlinda zingepitia.

Niliandika shairi juu ya jambo hilo, nikitumia sauti ya kaka. Ubeti wake wa mwisho ni huu:

Sindano i mkononi, uzi nashindwa kutia,
Mwatulia majumbani, mimi ndani naumia,
Madogo kwenu machoni, kwangu mimi ni dunia,
Niulizeni jamani, ndipo mnipe na dawa.

Lakini hivyo sivyo nilivyouandika mara ya kwanza. Kituo changu cha mwanzo kilikuwa "muitupe hiyo dawa". Nilikiona kikali, nikakipenda. Nilipomsomea kaka, alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Mimi sikusema itupwe," alisema. "Hayo ni maneno yako. Mimi nilisema niulizwe." Basi hata katika kumtetea nilikuwa nimemkorogea uji mwingine, safari hii kwa vina na mizani. Nikakibadili kituo mbele yake, naye akakubali, ingawa alisema neno "jamani" limewekwa kwa ajili ya kina tu. Alisema kweli.

Ningepewa leo karatasi ile ya kutafsiri, nisingeandika "maudhi madogo madogo". Ningeandika "madhara mengine ya dawa", na chini yake sentensi moja nyepesi: mwambie anayekutibu jinsi yanavyokuzuia kufanya kazi yako, na usiache dawa kabla ya kumwambia. Na kwa ndugu wa mgonjwa ningeongeza sentensi ambayo haikuwamo katika karatasi ya asili, na ambayo mfasiri mwaminifu haruhusiwi kuiongeza: kabla ya kusema ametulia, mwulize.

Kaka hajapona, kwa maana ya watu wa sokoni ya neno hilo. Mkono wa kulia bado unatetemeka, hasa asubuhi za baridi. Ulanzi hauonji, hata msimu wake ukifika na jirani wakigonga mlango. Lakini cherehani haijafunikwa tena. Binti yake, kabla ya kwenda shule, huketi naye dirishani na kutia uzi katika sindano kumi na mbili, akazichomeka moja moja kwenye kipande cha sufi kilichogongomewa ukutani. Nilipokuwa huko mara ya mwisho nilijitolea kumsaidia kaka sindano zilipomwishia alasiri. Nilinyoosha mkono kuichukua, kisha nikakumbuka.

"Kaka, nikutilie?"

Alifikiri kidogo. "Ngoja kwanza nijaribu mwenyewe," alisema. Nikangoja.